Kuanzisha Darasa la Kujitolea Gerezani Nairobi: Mwongozo Kamili, Kuanzia Barua ya Kibali Hadi Miezi ya Kwanza Nje

Vikundi vya Nairobi vinavyoingia magerezani ni vingi: makanisa, misikiti, wanafunzi wa vyuo vikuu, vyama vya kina mama. Wengi huenda mara moja, Krismasi ikikaribia, wakiwa na sabuni, sodo na mahubiri. Sabuni haina ubaya wowote, na anayeoga nayo anawashukuru. Ila mwongozo huu ni wa kikundi kinachotaka kurudi wiki baada ya wiki, kufundisha, na kumshika mtu mkono mpaka atulie nje.

Nina shauri moja kubwa, na mengine yote humu yanatoka kwalo: panga kazi yako ukianzia siku ambayo mwanafunzi atatoka, kisha urudi nyuma hadi somo la kwanza. Kanuni ya 107 ya Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, inataka maisha ya mfungwa baada ya kuachiliwa yafikiriwe tangu anapoanza kifungo. Vikundi vingi hufanya kinyume. Hufundisha vizuri kwa miaka, kisha mwanafunzi anaachiliwa asubuhi moja bila nauli, bila kitambulisho na bila mtu wa kumpigia simu.

Kwanza, jua ni gereza gani na ni watu gani

Usiseme tu kwamba mnataka "kwenda jela". Nairobi na viunga vyake ina magereza ya namna mbalimbali, na darasa linalofaa huku halifai kule.

Gereza la Industrial Area, lililojengwa mwaka 1911, ndilo rumande kuu ya wanaume. Walio wengi humo ni mahabusu. Hawajahukumiwa, na kisheria hawana hatia mpaka mahakama iseme vinginevyo. Wanapelekwa kortini Makadara, Kibera au Milimani, au kesi inatajwa kwa njia ya video. Hakuna anayejua mwenzake atakaa siku ngapi. Mwanafunzi wako wa Jumanne anaweza kupata mdhamini Jumatano, na hutamwona tena. Nairobi West ina wafungwa wengi wa vifungo vifupi. Kamiti, upande wa Kahawa West, ina gereza la ulinzi mkali lenye watu wa vifungo virefu na vya maisha, gereza la ulinzi wa kati, na pia kituo cha kurekebisha vijana, YCTC, ambako kifungo ni cha miezi 4. Langata ni ya wanawake, mahabusu na waliohukumiwa pamoja, na sheria inamruhusu mama kukaa na mtoto wake hadi afikishe miaka 4.

Tofauti hizo ndizo zitakazoamua ratiba yako. Rumande, kila somo lazima lijitosheleze: mtu akija siku moja tu, aondoke na kitu. Kwa vijana wa YCTC una wiki chache zinazojulikana mwanzo na mwisho, jambo ambalo ni zawadi kwa mwalimu. Kamiti kuu una muda wa kumpeleka mtu kutoka kusoma herufi hadi mtihani wa taifa, ila kumbuka wafungwa huhamishwa, na aliyekuwa kidato cha tatu kwako anaweza kuamkia gereza la kaunti nyingine.

Ushauri wangu kwa kikundi kipya: chagueni gereza moja. Magereza mawili kwa pamoja huwamaliza watu nguvu kabla mwaka haujaisha.

Barua na kibali

Kibali cha kudumu hutoka kwa Kamishna Jenerali wa Magereza, makao makuu yakiwa Magereza House, Bishop Road. Lakini kabla ya kuandika barua, ombeni kuonana na ofisa msimamizi wa gereza lenyewe, yule ambaye kila mtu humwita OC. Mwulizeni anahitaji nini. Mara nyingi ataanza na vitu ambavyo hamkuvifikiria: mwalimu wa hesabu, vitabu vya kidato cha nne, mtu wa kufundisha unyozi, au mtu wa kufuatilia wanaotoka. Barua inayosema "OC ametuambia pengo ni hili na sisi tunaweza kuliziba" husomwa tofauti na barua inayosifu maono ya kikundi.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Itaje kikundi ni nani na kimesajiliwa wapi, kitafundisha nini, siku gani na saa ngapi, majina na nambari za vitambulisho vya watakaoingia, nani anagharamia vifaa, na nani wa kuwasiliana naye. Ambatisha nakala ya cheti cha usajili. Kama mnataka pia kufanya utafiti, kuhoji watu au kuchapisha matokeo, hiyo ni kazi nyingine yenye leseni yake kutoka NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti. Msiichanganye na darasa.

Sera ya kufungulia raia milango ya magereza ilianza kushika kasi kuanzia mwaka 2003, Moody Awori alipokuwa Makamu wa Rais na waziri aliyesimamia magereza. Wengi wa maofisa wa leo wameajiriwa ndani ya sera hiyo na wamezoea wageni. Bado, OC akihamishwa, nendeni mkajitambulishe upya wiki ileile. Msidhani faili litawasemea.

Mkishakubaliwa, tafuteni watu watatu ndani: ofisa wa ustawi, ofisa anayesimamia elimu, na kasisi au imamu wa gereza. Hao ndio watakaowaambia fulani ameugua, fulani amefiwa, fulani anatoka mwezi ujao. Waheshimuni maofisa kwa dhati. Wanafanya kazi katika majengo yaliyojaa kupita kiasi, wengi wanaishi kwenye nyumba za kazi ndani ya ua huohuo, na mara nyingine mtoto wa askari anahitaji masomo ya ziada sawa na mfungwa. Kikundi kinachomsalimu OC na kumpita afande wa langoni bila kumtazama hakitadumu.

Watu wako

Msijazane. Walimu sita wanaokuja kwa zamu bila kukosa wanazidi thelathini wanaokuja wakijisikia. Nimeona wanafunzi wakikaa kwenye benchi na madaftari yao wakisubiri mwalimu ambaye hakuja wala hakutuma ujumbe. Kwa mtu aliye ndani, ambaye jamaa zake wameacha kuja mmoja mmoja, hilo linauma kuliko mwalimu anavyodhani. Ahadi ni deni, na gerezani deni hilo hukumbukwa. Kwa hiyo kila kipindi kiwe na mwalimu na msaidizi anayeweza kushika chaki mwenzake akipatwa na dharura.

Kila anayejitolea atie sahihi sheria za kikundi, na zisomwe kwa sauti siku hiyo hiyo. Hubebi barua, pesa wala ujumbe wa mdomo kutoka nje kwenda ndani au ndani kwenda nje. Hutoi nambari yako ya simu binafsi. Kikundi kina laini yake. Huulizi mtu alifanya kosa gani. Akikuambia mwenyewe, unasikiliza na inabaki hapo. Huahidi kwamba kesi itaisha vizuri. Hukopeshi. Huanzi uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi, awe ndani au ametoka na bado yuko chini ya mpango wenu.

Hiyo ya barua na simu inawakera wengi, maana ombi lenyewe huwa dogo na la kusikitisha: "Mwambie tu mama niko hai." Hilo lina njia yake, kupitia ofisa wa ustawi, na mfundishe mwanafunzi kuitumia. Kila Mkenya aliyewahi kupokea ujumbe wa utapeli wa M-Pesa amesikia mtu akisema "hao ni wale wa Kamiti", yaani wafungwa wanaotapeli kwa simu. Ndiyo sababu simu inayopatikana kwenye begi la mwalimu inaweza kufunga programu nzima siku hiyo, na wanafunzi wote walipie kosa la huruma ya mtu mmoja.

Langoni mambo ni mafupi: acheni simu, saa za kisasa na pesa, njoni na kitambulisho, vaeni nguo za heshima zisizofanana na sare, fikeni mapema kwa kuwa upekuzi huchukua muda. Hesabuni kalamu na mikasi mnapoingia, na mhesabu tena mnapotoka, mbele ya afande.

Somo la rumande: hati ya mashtaka

Kwa darasa la mahabusu, sijaona kitabu cha kusomea kinachozidi hati ya mashtaka ya mwanafunzi mwenyewe. Kila mmoja anayo, au anaweza kuiomba. Imeandikwa kwa Kiingereza, na wengi wameikunja mfukoni kwa miezi bila kujua imesema nini.

Anza na jina. Mwanafunzi asiyejua kusoma aitafute kwanza herufi ya mwanzo ya jina lake, kisha jina zima. Mara nyingine limeandikwa vibaya, na huo tayari ni ugunduzi. Kisha umri. Hapa mwalimu awe macho: kijana akisema ana miaka 16 na karatasi inasema 19, usiendelee na somo kama kawaida. Mwite pembeni, mjulishe ofisa wa ustawi siku hiyo hiyo, na mumtafute msaidizi wa sheria, kwa sababu mtoto hapaswi kuzuiliwa na watu wazima na mahakama inaweza kuagiza umri upimwe. Baada ya umri njoo kwenye nambari ya kesi. Mwanafunzi aiandike mara kumi hadi aijue kwa moyo, maana ndiyo atakayoulizwa kila ofisi. Halafu shtaka na kifungu cha sheria, kisha maelezo ya kosa: lini, wapi, kitu gani, cha nani.

Kufikia hapo darasa limekwisha kujaa maneno. Yaandike ubaoni kwa Kiswahili na Kiingereza: kutajwa kwa kesi, kusikizwa, shahidi, mlalamishi, dhamana, mdhamini, hukumu, rufaa. Watu wengi hudhani siku ya kutajwa ndiyo siku ya kutetewa, wanakwenda kortini wamejiandaa kuongea, kisha wanarudishwa kwa dakika mbili wakiwa wamevunjika moyo. Maelezo ya robo saa yanaondoa uchungu huo.

Somo la pili liwe dhamana. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya wastani, isipokuwa kuna sababu nzito za kumnyima. Ibara hiyo hiyo inasema mtu asizuiliwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi 6. Mwanafunzi asome masharti aliyowekewa. Kama kiasi kinamshinda, anaweza kuomba kipunguzwe, na Mahakama Kuu ina mamlaka ya kukipunguza. Fundisheni pia kwamba anayehukumiwa ana siku 14 za kukata rufaa, na kwamba muda aliokaa rumande unapaswa kuzingatiwa kwenye kifungo chake.

Kumbukeni tu kwamba kazi yenu ni kumfanya mtu aelewe karatasi yake. Kumshauri akiri au akane ni kazi ya wakili. Kuna wasaidizi wa sheria wanaofanya kazi ndani ya magereza haya, miongoni mwao wafungwa na maofisa waliofunzwa na shirika la Justice Defenders, lililoanza kwa jina African Prisons Project. Baadhi wamesoma sheria kupitia Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani. Peter Ouko, aliyekuwa Kamiti akisubiri kunyongwa, alipata stashahada ya sheria kwa njia hiyo, akaachiliwa kwa msamaha wa rais mwaka 2016, na sasa anawafikia vijana kupitia shirika la Crime Si Poa. Mtajeni darasani. Watu wanahitaji kusikia jina la mtu aliyekalia benchi kama lao.

Jambo la mwisho kuhusu rumande, na ni la lazima. Mahabusu anayekwenda kortini asubuhi anaweza kuachiliwa papo hapo, aondokee mlango wa korti. Hamtapata nafasi ya kumuaga. Kwa hiyo siku ya kwanza tu anapoingia darasani apewe, kwa idhini ya OC, kikaratasi chenye jina la kikundi, laini ya kikundi, na mahali na siku mnakopatikana mjini. Kiwe kidogo, kikae ndani ya hati ya mashtaka. Ndiyo programu yenu yote ya baada ya kutoka kwa mtu huyo.

Waliohukumiwa: mtihani au ufundi?

Msimsukume kila mtu kwenye mtihani. Muulize anatoka lini, na atakula nini mwezi wa kwanza.

Aliye na kifungo kirefu na hamu ya shule, msaidieni afanye KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Usajili wa KNEC, baraza la mitihani, huwa mapema kila mwaka, unahitaji stakabadhi za shule ya msingi, na stakabadhi hizo mara nyingi ziko kijijini kwenye sanduku la shangazi. Anzeni kuzitafuta mwaka mmoja kabla. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, na kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 linafanya KCSE mwaka 2027, kwa hivyo mtu anayeanza upya sasa asiahidiwe njia ya zamani. Pitieni kwanza KNEC na ofisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ofisi hiyo pia ndiyo ya kuwapa miongozo ya gumbaru kwa wasiojua kusoma kabisa.

Mwenye miaka michache, mara nyingi ufundi unamfaa zaidi. Kamiti ina karakana, na ndiko nambari za magari hutengenezwa. Langata kuna ushonaji, ususi na kazi za shanga. Wengi wana ujuzi tayari na hawana karatasi ya kuuthibitisha. Mtihani wa serikali wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, huanza na Grade III, kisha II, kisha I, na seremala mwenye Grade II anaweza kusimama mbele ya fundi wa Ngong Road au mwajiri wa mjengo akasikilizwa. Wanaojitolea wasio mafundi wana nafasi hapa pia: kufundisha kupima kwa futi, kukokotoa bei ya mbao, kuandika risiti, kuweka hesabu ya mtaji na faida. Mafundi wengi hufa kibiashara kwa sababu hawajui faida yao ni ipi.

Kama kikundi kinatoa cheti chake chenyewe, neno "gereza" lisionekane popote juu yake.

Langata inahitaji jambo la ziada. Wanawake wengi ndani ni akina mama, na akili zao ziko kwa watoto waliobaki mtaani na shosho au jirani. Somo la kuandika barua kwa mwalimu wa mtoto, au kusoma ripoti ya shule, hujaza darasa. Panga pia nani atawashika watoto wachanga mama zao wakiandika.

Miezi mitatu kabla ya kutoka

Hapa ndipo mtie nguvu nyingi kuliko mahali pengine popote.

Tarehe kamili ya kutoka muulizeni ofisa wa kumbukumbu. Kwa makosa mengi mfungwa hupunguziwa theluthi moja kwa mwenendo mwema: aliyehukumiwa miezi 18 hukaa 12. Wapo ambao sheria haiwapi punguzo hilo, kwa mfano wa vifungo vya maisha, na wapo wanaodhani wanalo kumbe hawana. Tarehe ya uongo huvunja moyo, basi msiikisie.

Kwa kila anayetoka fungueni faili moja, na liwe na mtu mmoja anayewajibika. Ndani yake ziwemo hizi.

Kitambulisho. Mara nyingi hupotea kati ya kituo cha polisi, korti na gereza. Angalieni kwanza orodha ya mali yake iliyoandikwa alipoingia. Kama hakipo, tafuteni nambari yake na nakala yoyote. Aliyeingia kabla ya kuchukua kitambulisho atahitaji cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Alama za vidole atachukuliwa Huduma Centre, GPO, Makadara, Kibra au Eastleigh, lakini akifika na karatasi zote mkononi ni safari moja. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu, bila laini hakuna M-Pesa, na Nairobi ya leo kibarua hulipwa kwa M-Pesa. Laini yake ya zamani, kama ilikaa muda mrefu bila kutumika, huenda imeshapewa mtu mwingine.

Dawa. Anayetumia ARV, dawa za TB, za kifafa au za akili atoke na barua ya uhamisho kwenda kituo cha afya cha mtaa atakaoishi, pamoja na dawa za kutosha kufika huko. Aliyekuwa akitumia heroini apewe maelekezo ya kliniki ya methadone, Mathari au Ngara, kabla hajatoka. Mwili wake haustahimili tena kiasi alichozoea, na kurudia kiasi kilekile humwua.

Pa kulala. Swali ni moja: usiku wa kwanza atalala wapi, na nani amekubali? "Kwa ndugu yangu Mukuru" halitoshi. Mtu wa kikundi aende akamwone huyo ndugu. Utakuta ndugu alihama, au mke ameolewa, au nyumba ni chumba kimoja chenye watu sita. Au utakuta mama anayelia kwa furaha na kuuliza aje kumchukua saa ngapi. Vyote viwili ni bora vijulikane mapema.

Ziara hiyo ina upande mwingine. Mtaani kuna aliyeibiwa, aliyeumizwa, au familia ya marehemu. Msiwapite. Muulizeni ofisa wa probesheni kama kumefanyika mazungumzo, na chifu au mzee wa nyumba kumi anasemaje. Kama hasira bado ni kali, mtu huyo asirudi mtaa ule kwanza, hata kama moyo wake uko huko. Umati wa Nairobi haungoji korti. Kwa aliyemkosea jirani, barua ya kuomba msamaha ipelekwe tu kama aliyekosewa amesema yuko tayari kuipokea.

Fanyeni pia mazoezi darasani. Mmoja awe mwajiri, mwingine awe anayetafuta kazi, na swali liwe: "Miaka hii mitatu ulikuwa wapi?" Wafanye hadi jibu litoke kwa sentensi mbili, bila uongo na bila kusimulia kesi nzima. Kwa mfano: "Nilikuwa nimefungwa, nikamaliza kifungo, na humo nikapata Grade III ya useremala. Nipe wiki moja uone kazi yangu." Mara ya kwanza wengi watainamisha kichwa. Warudie.

Asubuhi ya kutoka

Awepo mtu langoni. Hilo likishindikana, mengine yote yatakuwa dhaifu.

Anayekwenda kumpokea awe na nguo safi zinazomtosha, kwa sababu za siku aliyokamatwa huenda hazimfai tena. Awe na nauli, chakula, na maji. Mpeleke moja kwa moja alikopangiwa kulala, kisha Huduma Centre siku hiyo au inayofuata. Msimpitishe kanisani kutoa ushuhuda. Msimpige picha. Aliyekaa miaka kumi atashangazwa na magari, na barabara ambazo hazikuwepo, na bei ya chai. Tembea polepole, umwache avuke barabara kwa wakati wake. Wanawake wengi huomba kwanza kwenda kumwona mtoto, na mtoto hatamkimbilia kila mara. Mwandae mama kwa hilo kabla hamjafika.

Mwezi wa kwanza, na mitatu inayofuata

Simu kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha mara mbili kwa wiki, kisha mkutano wa kila wiki wa waliotoka, mahali pa wazi na pa heshima. Waliokwisha kutulia ndio walimu bora wa mkutano huo, kuliko sisi. Shirika la Clean Start, lililoanzishwa na Teresa Njoroge aliyewahi kufungwa Langata, linawasaidia wanawake wanaotoka. Ikiwa wanafunzi wenu ni wanawake, waunganisheni.

Kuhusu kazi, msianze na ofisi. Waajiri wengi wa ofisi huomba cheti cha maadili mema kutoka DCI, na rekodi ya hukumu inaweza kumfungia mlango. Anzeni pale mtu anapopimwa kwa mikono yake: Kamukunji kwa mabati, Gikomba kwa mbao na mitumba, Ngong Road kwa fanicha, vinyozi, mjengo. Zungumzeni na fundi mwenyewe mapema, mwambieni ukweli kwa ruhusa ya anayehusika, na mmwulize anahitaji nini ili amchukue kwa mwezi. Fundi mmoja aliyekubali ana thamani kuliko kampuni kumi zilizoahidi kuangalia.

Mkiwa na pesa kidogo, nunueni vifaa: msumeno, randa na futi, mashine ya kinyozi, cherehani ya chama inayotumiwa kwa zamu. Pesa taslimu wiki ya kwanza huvutia deni la zamani na marafiki wa zamani. Hata hivyo acheni kiasi kidogo mkononi mwake, cha chakula, na msimwulize hesabu ya kila shilingi. Ametoka mahali ambapo hata muda wa kulala ulipangwa na mwingine, na kuamua mwenyewe ni sehemu ya masomo.

Kama mahakama imemweka chini ya probesheni au huduma kwa jamii, mkumbusheni siku za kuripoti na mmsindikize mara ya kwanza. Ofisa wa probesheni ni mshirika wenu. Mjulisheni kikundi kipo.

Kumbukumbu mnazoweka

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu hata kama ninyi ni watu saba wenye daftari moja. Wekeni yanayohitajika tu, kwa idhini, mahali panapofungwa. Kila mwisho wa muhula andikeni kwa OC ukurasa mmoja: wangapi walihudhuria, wangapi walifanya mtihani, wangapi waliotoka bado mnawasiliana nao baada ya miezi 3, na wangapi mmewapoteza. Hiyo namba ya mwisho msiifiche.

Akirudi ndani

Wengine watarudi. Utaingia darasani Jumanne na kumkuta ameketi nyuma, haangalii ubao. Msalimu kwa jina lake mbele ya wote kama ulivyomsalimu zamani, umpe daftari, uendelee na somo. Mahubiri hayahitajiki, ameshajihubiria usiku kucha.

Baada ya somo, chukueni faili lake na mtafute mlikatikia wapi. Je, kitambulisho kilichelewa? Yule ndugu alimfukuza wiki ya pili? Simu zenu zilikoma lini? Muulize yeye mwenyewe, kwa utulivu, siku ipi mambo yalianza kuharibika na nani angeweza kupigiwa. Andikeni jibu lake kama alivyolisema. Kisha muulizeni ofisa wa kumbukumbu tarehe yake mpya ya korti au ya kutoka, mfungue faili upya, na mpange nani atakuwa langoni.